"Mwache, Atasema Tu": Maneno Yaliyonipotezea Mwaka Mzima

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji, mama wa mtoto wa miaka miwili na nusu. Mwanawe ana maneno sita tu, na kila anayemuuliza humjibu, "Mwache, atasema tu." Niliusoma mara mbili, nikaweka simu pembeni, machozi yakanilengalenga. Maneno hayo nayajua. Yalinila mwaka mzima.

Mwanangu wa kwanza alifikisha miaka miwili akisema "mama", "baba" na "ma". Hiyo "ma" ilikuwa maji, maziwa na kila kinywewacho. Akitaka kikombe alinivuta kanga hadi kabatini, akakionyesha kwa kidole, kisha akanitazama usoni kusubiri. Nilikuwa namwelewa, basi nikajipa moyo.

Ushauri haukukosekana. Shangazi yake alisema hata baba yake alichelewa. Mwingine alisema lugha mbili za nyumbani ndizo zinamchanganya, nami nikaacha kuzungumza naye lugha ya mama yangu. Hilo nalijutia mpaka leo, kwa sababu lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Maneno yake huhesabiwa kwa kujumlisha ya lugha zote. Kuna aliyetaka akatwe kiutando cha chini ya ulimi. Kiutando hicho huweza kumtatiza mtoto kunyonya, ila sicho kinachomnyima maneno.

Lakini aliyeniumiza ni daktari. Hakuinua hata macho kwenye karatasi zake. "Wavulana huchelewa. Mama, punguza wasiwasi." Nilitoka pale nimeona haya, kama mtu aliyekwenda kulalamikia kivuli. Sikurudi.

Mwaka ukapita. Mwanangu akaanza kuuma wenzake, na watu wakasema nimemdekeza. Hakuna aliyefikiri kwamba mtoto mwenye mengi ya kusema na asiye na maneno atatumia meno. Ni mwalimu wake wa chekechea aliyenivuta kando akaniuliza: "Mama, masikio yake yamewahi kupimwa?"

Hayakuwahi. Mlango ukibamizwa alishtuka, kwa hiyo nilijua anasikia. Vipimo vilionyesha majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Sauti kubwa zilimfikia, ila maneno yalimjia kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Tulisubiri miezi 3, majimaji hayakukauka, akawekewa vijibomba vidogo masikioni. Kisha ndipo tukaenda kwa mtaalamu wa tiba ya usemi.

Nilitegemea meza na picha za kukariri. Yule dada aliketi sakafuni, akapuliza mapovu ya sabuni mara moja, akafunga kichupa, akakishika karibu na kidevu chake na kunyamaza. Mwanangu akanigeukia. Nikafungua mdomo nimsemee, kama nilivyozoea, mtaalamu akaniinulia kiganja. Nilihesabu moyoni hadi nane. "Pu," mwanangu akasema. Mapovu yakapulizwa papo hapo. Nililia pale pale, maana nilielewa ni mara ngapi nilikuwa nimemjibia kabla hajajaribu.

Sasa nisikilizeni, wazazi wenzangu. Msisubiri. Kama mtoto wa mwaka mmoja haitiki jina lake, habwabwaji sauti wala haonyeshi kwa kidole, nenda. Kama ana miaka miwili na hajafikisha maneno kama 50, au haunganishi mawili mawili kama "mama njoo", nenda. Kama ana miaka mitatu na wageni hawaambulii zaidi ya nusu ya anachosema, nenda. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, huyo asisubiri hata kidogo, awe na umri wowote.

Wa miaka mitatu akiita kuku "tutu" usihangaike sana, sauti nyingine huchelewa kukomaa. Kigugumizi nacho huwajia watoto wengi kati ya miaka miwili na mitano na mara nyingi huondoka. Ila kikipita miezi 6, au akianza kukunja uso na kukwepa kusema, mpeleke. Wala usimwambie "sema polepole". Msikilize mpaka amalize. Na huduma hii si ya watoto peke yao: mzee aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, au anayepaliwa kila anapokunywa maji, naye ana haki ya kuonwa na wataalamu hawa.

Kabla ya miadi, pima masikio. Narudia, pima masikio, hata kama unaamini anasikia. Andika kila neno analosema, pamoja na yale unayoyaelewa wewe peke yako. Mrekodi kwa simu akicheza nyumbani, kwa sababu mbele ya mgeni anaweza kunyamaza kabisa. Ukifika, muulize mtaalamu analenga nini na nyumbani ufanye nini, na usikubali kuachwa nje ya mlango. Saa moja kwa wiki haiwezi kushinda siku sita za kumsemea. Kazi kubwa ni yako, mzazi: wakati wa kuoga, kuvaa, kula. Sema neno, kisha subiri. Subiri kweli.

Na ukiambiwa upunguze wasiwasi bila mtoto kupimwa, tafuta mwingine. Mimi sikumtafuta, ilhali wasiwasi wangu ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Mwanangu sasa ana miaka 7. Wiki iliyopita alisimulia hadithi mbele ya darasa zima, na bibi yake akamrekodi. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kuirudia.

Dada yangu uliyeniandikia, leo usiku yaandike hayo maneno sita kwenye karatasi. Kesho asubuhi weka miadi ya masikio. Majibu yakitoka nitumie ujumbe, hata kama ni usiku wa manane.