Anafanya karatasi kila usiku na alama hazipandi: barua kwa mwanangu aliyeko Jinhua, China

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mama yako anakusalimia. Anasema ule mkoba wa kitenge utakuja na mwenzako akirudi likizo, kwa hiyo acha kuulizia.

Swali lako nimelielewa hivi. Kijana wa mama mwenye nyumba wako yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, gao san mnavyoiita huko, na anajiandaa kwa gaokao, ule mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu. Kila usiku anamaliza karatasi nzima ya ufahamu wa Kiingereza. Ile orodha ya maneno 3,500 ameikariri hadi ukurasa wa mwisho. Bado anakosa maswali sita, saba, hata manane kati ya ishirini, na hali ni ile ile tangu muhula uanze. Mama yake amekushika mkono akidhani kwa vile umesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza dawa unayo. Sasa unaniuliza mimi, mwalimu mstaafu: umwongezee karatasi au umwongezee maneno?

Usimwongezee hata kimoja.

Picha ulizonituma nimekwenda kuziprinti pale steshenari, nikakaa nazo barazani na kalamu nyekundu kama zamani. Kwanza nikiri kwamba watungaji wa mtihani huu wanajua kazi yao. Kiingereza kina alama 150 kati ya 750, sawa kabisa na Kichina na hesabu. Katika hizo 150, kusoma peke yake kuna alama 50: vifungu vinne vyenye maswali kumi na tano ya kuchagua, halafu kifungu cha tano chenye mapengo matano ya kujaza kwa sentensi saba, mbili zikiwa za kupoteza watu. Kila swali ni alama mbili na nusu. Maswali saba aliyokosa ni alama kumi na saba na nusu, na kwenye mtihani ulioandikisha watu milioni 13.42 mwaka 2024, unajua mwenyewe alama kumi na saba zinamshusha mtu ngazi ngapi kwenye orodha ya jimbo. Ndiyo maana mama wa watu halali.

Lakini tazama wapi anakosea. Kifungu A, kile cha matangazo na ratiba za makumbusho, anapata vyote. B anapata karibu vyote. Anaanguka kwenye C na D, yale maandishi ya sayansi na hoja, na huko hakosi maswali yanayouliza jambo lililoandikwa waziwazi. Anakosa yale ya "mwandishi anadokeza nini" na "kichwa kipi kinafaa zaidi". Kijana wa namna hii maneno anayo. Akipewa karatasi nyingine kumi atakosea pale pale mara kumi, kwa sababu anachokifanya usiku ni kuhesabu alama, kuhema, na kufungua karatasi nyingine. Kosa lenyewe hakai nalo hata dakika moja.

Kwa hiyo anza na karatasi alizokwisha kuzifanya. Chukua kifungu kimoja tu, mketishe, na kwa kila swali mwambie akuoneshe kwa kidole sentensi inayothibitisha jibu sahihi. Si aya, sentensi. Halafu, na hapa ndipo penye kazi, akueleze yale majibu matatu mengine yamekosewa wapi. Jibu la uongo katika mtihani kama huu haliokotwi. Limetungwa na mtu aliyekaa akajiuliza: mtoto mwenye haraka atadanganyika na nini?

Nikupe mfano wa kutengeneza mwenyewe, utakaoweza kumtumia. Mwaka 2003 watafiti walitoa matokeo kuhusu ndege wadogo wa mji wa Leiden, Uholanzi: kwenye kelele nyingi za mji, ndege hao huimba kwa sauti nyembamba zaidi. Mngurumo wa magari ni mzito, unafunika sauti nzito za ndege, hivyo sauti nyembamba ndiyo inayopenya. Sasa tuseme swali ni hili: kifungu kinadokeza nini? A, ndege wa penye kelele huimba kwa nguvu zaidi kuliko wa penye utulivu. B, kelele za magari zinapunguza ndege mijini. C, ndege wote hubadili wimbo wakihamia mjini. D, wimbo usio na sauti nzito una nafasi kubwa ya kumfikia ndege mwenzake kando ya barabara yenye magari mengi.

Jibu ni D, ingawa halikunakili sentensi yoyote ya kifungu. A limebadilisha wembamba wa sauti kuwa ukubwa wa sauti, kidogo tu, na mtu akisoma mbiombio haoni. B lina mantiki, pengine hata ni kweli duniani, ila kifungu hakikusema. C limepachikwa "wote". Mitego mitatu, na kila mmoja unamnasa mtu wa aina yake: asiyetazama vizuri, anayejibu kwa akili yake badala ya kujibu kwa kifungu, na asiyejali ukubwa wa dai. Mfanyie hivyo kwa vifungu vichache na utamjua kijana wako ni wa aina gani. Mimi kwa kalamu yangu nyekundu naona ni wa B. Ana akili nyingi, anajua mambo mengi, na anayaingiza kwenye kifungu ambacho hakikumwalika.

Wanafunzi wa huko wana daftari la makosa, najua, cuotiben. Lake umenipiga picha: safi, lina rangi tatu, na kila swali limenakiliwa na jibu sahihi pembeni. Halina faida. Kunakili jibu sahihi ni kazi ya mkono. Mwambie aandike kwa Kichina chake, mstari mmoja: "nilivutwa na B kwa sababu..." Baada ya wiki chache mistari hiyo itaanza kufanana.

Sasa kuna jambo ambalo wewe huwezi kuliona kwa urahisi kwa sababu ni Mswahili. Umeniandikia kwamba anazikwamia sentensi ambazo kwako ni nyepesi na hujui kwa nini. Fikiria lugha yetu. Sisi tunasema "mwalimu aliyekuja jana": mtu kwanza, maelezo yake baadaye. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo. Kichina, na wewe sasa unakijua kuliko mimi, hutanguliza maelezo yote, kisha ndipo mtu mwenyewe anatokea mwishoni. Kwa hiyo sentensi ya Kiingereza yenye mtu mwanzoni na maelezo ya mstari mzima nyuma yake, sisi tunaiteremka tu, yeye anaipanda. Akifika kwenye kitenzi kikuu amekwisha kusahau ni cha nani.

Na vitenzi ndiyo balaa zaidi. Soma sentensi hii: "The scientists, whose work had been ignored for years, would have given up had it not been for one letter." Je, walikata tamaa? Wewe hukufikiri hata kidogo. Kichwani mwako iliingia "wangalikata tamaa kama isingalikuwa barua ile", na mtoto yeyote wa Kiswahili anajua kwamba aliyesema "ningalikuja" hakuja. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa wakati wala kwa sharti. Mambo hayo hubebwa na maneno mengine ya pembeni au yanaeleweka kutokana na mazungumzo. Kanuni ya Kiingereza kijana ameifundishwa, ukimwuliza darasani atakwambia vizuri sana, lakini akiwa mbioni macho yake yanashika "given up" na kuendelea. Kisha swali linauliza wanasayansi walikuwa watu wa namna gani, naye anachagua "waliovunjika moyo".

Dawa yake inachosha lakini inafanya kazi. Kila jioni achague sentensi ndefu tano kutoka kifungu D. Apigie mstari kitenzi kikuu, azungushie duara mwenye kitenzi hicho, na maelezo ya katikati ayafunge kwenye mabano kwa penseli. Halafu akueleze sentensi hiyo kwa Kichina, kwa maneno ya mtu anayepiga soga, bila kutazama karatasi. Hapo ndipo utasikia kama ameelewa. Jibu la kuchagua linaweza kupatikana kwa bahati, ila masimulizi ya mdomo hayabahatishwi.

Kifungu cha mapengo, kile cha kuchagua tano kati ya saba, usikipe siku nyingi. Mwambie atazame sentensi ya kabla na ya baada ya pengo, na viungo vidogo: "hao" ni akina nani, "hata hivyo" inapinga nini, "kwa mfano" ni mfano wa nini. Pengo likiwa mwanzoni mwa aya, mara nyingi ni sentensi ya kubeba aya nzima. Basi.

Kuhusu maneno: ile orodha asiiache, lakini asianze tena upya kuikariri. Kinachomwangusha ni maneno anayodhani anayajua. "Address" kwake ni anwani tu, akikutana nalo likiwa na maana ya kushughulikia tatizo anabaki anatafuta nyumba. Ayakusanye hayo, pamoja na sentensi alimoyakuta.

Umetaja kwamba mwalimu wa mtandaoni anamfundisha kusoma maswali kwanza, kisha kuvua maneno yanayofanana kwenye kifungu. Kwa kifungu A ni sawa kabisa, nani asome ratiba nzima ya makumbusho kutafuta bei ya tiketi? Kwa D ni njia ya kwenda kuchukua jibu A la ndege wetu. Na ile kanuni ya "jibu refu ndilo sahihi" sitaki hata kuijadili. Sisi tulikuwa na "ana ana ana doo", na hiyo angalau ilikuwa na wimbo.

Apunguze, basi. Siku za wiki kifungu kimoja, akimalize mpaka mifupa. Jumamosi karatasi nzima kwa saa, kwa sababu mbio nazo zinahitaji mazoezi: mtihani mzima ni dakika 120, na ndani yake kuna kusikiliza na kuandika insha mbili, hivyo vifungu vitano vya kusoma asivipe zaidi ya dakika 40. Aifanye mchana, saa tisa hadi saa kumi na moja za huko, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha gaokao hufanywa wakati huo, alasiri ya tarehe 8 Juni. Mtu anayesoma saa sita usiku kila siku anauzoeza ubongo wake kuamka saa ambayo hakuna mtihani.

Na mama yake mtulize kwa jambo analolijua lakini hofu imemsahaulisha. Zhejiang, jimbo lenu hilo, si kama majimbo mengi. Kiingereza kinafanywa mara mbili, Januari na Juni, na alama ya juu ndiyo inayohesabiwa. Januari akipata pungufu, ana miezi ya kutengeneza. Watoto wengi wa majimbo mengine wana alasiri moja tu.

Jambo moja la baba sasa, si la mwalimu. Usichukue pesa. Najua wamekutajia kiasi na najua posho ya masomo ilivyo. Lakini upo huko kwa viza ya mwanafunzi, na kufanya kazi ya malipo kunahitaji kibali cha chuo na cha polisi. Isitoshe tangu 2021 serikali yao imebana sana biashara ya tuisheni. Msaidie kijana kama jirani, ukila kwao chakula cha jioni ule ushibe, na bahasha ukipewa irudishe kwa mikono miwili. Akikasirika mama mwenye nyumba, mwambie baba yangu ni mtu wa zamani.

Nitumie vifungu viwili vya D alivyovifanya wiki hii, pamoja na majibu yake kabla hujamsahihisha. Piga picha penye mwanga, zile za mwisho nusu ya ukurasa ilikuwa kivuli cha simu yako. Na umwambie asifute penseli yake, nataka kuona alichokichagua kwanza kabla hajabadili.

Baba yako