Ukiwaonyesha vijana filamu ya uasi, usiishie njiani

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwaonyesha filamu vijana wa mtaa wetu wa Mwanga, hapa Kigoma, kila Jumamosi alasiri, katika chumba tunachoazimwa na bibi mmoja jirani ambaye huhifadhi humo madebe yake ya mawese. Kati ya zote tulizotazama, iliyonifundisha zaidi namna ya kukaa na vijana mbele ya skrini ni mfululizo wa The Hunger Games, uliotoka kati ya mwaka 2012 na 2015, unaosimulia nchi ya kubuni iitwayo Panem, ambamo utawala wa kiimla wa Rais Snow huwachukua kila mwaka watoto 24, mvulana na msichana kutoka kila moja ya wilaya 12, na kuwalazimisha wauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Naandika haya kwa mzazi, mwalimu au kiongozi wa vijana anayetaka kuuonyesha, na itanibidi niseme hadithi inavyoisha, kwa sababu ushauri wangu mkubwa uko huko mwishoni.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilinunua nakala iliyotafsiriwa, ya namna tuliyoizoea kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video mitaani, ambayo sauti ya mkalimani hufunika sauti za waigizaji tangu mwanzo hadi mwisho. Msichana mdogo Rue, mmoja wa watoto wale 24, alipokufa, na mhusika mkuu, msichana Katniss, akaanza kuchuma maua na kuyapanga kuuzunguka mwili wake, mkalimani aliona kimya kimezidi akakijaza utani, na vijana wakacheka. Walitoka wakibishana ni nani hodari wa kutupa mishale. Sikuwa na haki ya kuwalaumu, maana mimi ndiye niliyewaletea nakala ile.

Kwa hiyo tafuta nakala yenye sauti zake za asili, itazame kwanza peke yako ukiwa na daftari, kisha uifasiri mwenyewe kwa kuisimamisha mahali panapohitaji maelezo. Usisimamishe kwenye mapigano, kwani hayo yanajieleza. Mimi husimamisha mapema kabisa, kwenye mazungumzo ya Katniss na rafiki yake Gale kuhusu siku ya kuchagua majina. Kijana wa familia maskini anaruhusiwa kupewa chakula cha ziada, lakini kwa sharti kwamba jina lake liingizwe mara nyingi zaidi kwenye kura ya kifo, na la Gale limo mara 42. Hapo ndipo utawala ule unapoonekana ulivyo, kabla hata ya askari kufyatua risasi, kwa kuwa umeifanya njaa ya watu kuwa kamba ya kuwafungia. Msichana mmoja ambaye humsaidia mama yake kuanika dagaa Kibirizi aliniuliza, "Sasa Gale angekataa hicho chakula, wadogo zake wangekula nini?" Sikumjibu. Niliwaachia wenzake, wakajadiliana kwa karibu nusu saa, na ninaamini nusu saa ile ilikuwa na faida kuliko filamu nzima ya mara ya kwanza.

Jambo la pili linatuhusu sana sisi wa Kigoma. Waeleze watazamaji mapema kwamba wataona watoto wakiuawa, na wadogo wa shule ya msingi waache nyumbani. Huku kwetu hujui aliyeketi nyuma yako alipitia nini. Tunaikumbuka Mei 2015, maelfu ya Warundi walipojazana kijijini Kagunga wakihofia machafuko ya kwao, kipindupindu kikiwaua, na meli ya MV Liemba ikawaleta mjini kwa awamu hadi Uwanja wa Lake Tanganyika. Bibi mwenye chumba alivuka mpaka mapema zaidi, mwaka 1972, akiwa msichana. Siku nilipoionyesha filamu hiyo upya alikuwa ameketi juu ya debe lake, na tulipofika kwenye maua ya Rue, safari hii katika kimya chake halisi, aliinuka akatoka nje. Nilizima. Tulikaa bila kusema kitu mpaka aliporudi mwenyewe, akajifunika khanga vizuri, akasema tuendelee.

Vijana watakuuliza kama mambo haya yana maana yoyote nje ya filamu. Waambie kwamba jeshi lilipotwaa madaraka Thailand mwaka 2014, waandamanaji waliinua vidole vitatu kama wanavyofanya watu wa Panem wanapoupinga utawala wao, na baadhi yao wakakamatwa kwa ishara hiyo, na kwamba ishara hiyohiyo ilionekana Myanmar baada ya mapinduzi ya Februari 2021.

Lakini usiwaache na vidole vitatu peke yake. Filamu zote nne zinachukua dakika 548, zaidi ya saa tisa, na wengi huchoka baada ya ya pili, wakabaki na picha ya waasi wema na serikali mbaya. Katika ya mwisho, kiongozi wa waasi, Rais Coin, akiwa ameshinda, anawaita washindi wa zamani wa mchezo ule kikaoni wapige kura kama urudiwe mara moja zaidi, safari hii kwa watoto wa walioshindwa. Kabla kijana yeyote hajang'amua kilichotokea, bibi alisema kwa sauti ya chini, "Na huyu naye ameanza." Katniss, aliyepewa kazi ya kumuua Snow hadharani, alipougeuza mshale na kumpiga Coin, wavulana walipiga kelele kwamba amekosea shabaha. Niliwarudisha kwenye kikao kile cha kupiga kura, tukakitazama mara tatu, nao wakaanza kunyoosheana vidole kuhusu nani angekubali na nani angekataa, hadi giza likatukuta katikati ya maneno. Tangu hapo sehemu hiyo naitengea Jumamosi yake peke yake, na tunaanza saa saba mchana.