Maktaba ya chuo kikuu si ya wanafunzi peke yao

Watu wakiniuliza nilikojifunza ninachokijua kuhusu miswada na nyaraka za kale, huwajibu kwamba ni kwenye maktaba za vyuo vikuu, ingawa huko sisomi wala sifundishi. Swali linalofuata huwa lile lile: wanakuruhusu uingie? Wananiruhusu, na wewe pia utaruhusiwa. Maktaba nyingi za vyuo vikuu huandaa mihadhara ya wazi, maonyesho, uzinduzi wa vitabu na warsha kwa ajili ya yeyote anayependa kuja, na mara nyingi hakuna kiingilio. Inasikitisha kuona viti vimebaki vitupu kwa sababu tu majirani wa chuo hawajui kwamba nao wamealikwa.

Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: usimfuate mzungumzaji maarufu tu. Huyo utampata hata kwenye video. Fuata vile vitu ambavyo maktaba hiyo inavyo na kwingine havipo, na watu wanaovitunza.

Ndiyo maana mimi huanza na maonyesho. Ukifika Maktaba ya John Rylands ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyofungua milango yake kwa wasomaji mwaka 1900, unaingia bure na kutembea ndani ya jengo lenyewe. Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale huonyesha hadharani Biblia ya Gutenberg, kitabu kilichochapwa katikati ya karne ya 15. Nayo Harry Ransom Center ya Chuo Kikuu cha Texas kule Austin inayo picha ya Mfaransa Nicéphore Niépce ya miaka ya 1820, ya kale kuliko zote zilizosalia kati ya picha zilizopigwa kwa kamera. Huhitaji shahada wala barua ya utambulisho ili usimame mbele ya vitu hivi.

Utakapoingia chumba cha maonyesho ukakuta mwanga hafifu, usidhani taa zimeharibika. Mwanga huchakaza karatasi na kufifisha wino, na madhara yake hujilimbikiza bila kurekebishika, kwa hiyo wahifadhi wengi hawapendi kuvuka luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa vitu vya namna hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, kitabu kilichofunguliwa ndani ya kabati la kioo hugeuzwa ukurasa baada ya muda, au hurudishwa stoo onyesho likiisha. Ukirudi baada ya miezi michache, huenda usikione tena. Basi usiahirishe.

Bora zaidi ni siku ambayo mtunza nyaraka mwenyewe anawaongoza wageni. Makundi huwa madogo, nafasi hujaa haraka, lakini hapo ndipo elimu ilipo. Katika kikao kimoja cha aina hiyo tuliwekewa barua ya zamani juu ya mto wa sponji, na kamba laini yenye uzito ikalazwa pembeni ili karatasi isijikunje. Mhifadhi aliinyanyua taratibu kuelekea dirishani, tukaona matundu madogo mahali palipokuwa na herufi: wino uliochanganywa na chumvi ya chuma ulikuwa umeitafuna karatasi, na tumbo la herufi "o" lilikuwa limedondoka kabisa. Akatueleza pia kwa nini hakuvaa glavu. Glavu huzipunguzia ncha za vidole hisia, na ukurasa huchanika bila mtu kujua. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri ni salama zaidi. Glavu huvaliwa wakati wa kushika picha, maana mafuta ya ngozi huacha alama za vidole.

Kama maktaba iliyo karibu nawe ina warsha ya kuhifadhi nyaraka za familia, acha mengine uende. Kwangu hakuna shughuli yenye faida ya moja kwa moja kuliko hiyo. Utaambiwa uondoe pini na klipu za chuma kwa sababu zinashika kutu na kutoboa karatasi. Utaambiwa usibandike selotepu kwenye hati iliyochanika, kwani gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na kuingia ndani ya karatasi. Vyeti visipigwe laminesheni, maana ile plastiki haitoki tena bila kuharibu kilichomo. Picha zitolewe kwenye albamu zenye kurasa za gundi. Na nyuma ya kila picha ya karatasi andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, majina ya waliomo, mahali na mwaka. Fanya kazi hiyo wakati wazee wanaozitambua sura hizo wangalipo. Nimeona watu wakija na bahasha za picha ambazo hakuna tena aliye hai wa kuzieleza, na hakuna mtaalamu anayeweza kuwasaidia.

Mijadala ya jukwaani yenye wazungumzaji watano ndani ya saa moja mimi huiruka. Kila mmoja hupata dakika chache, na maswali hukatishwa. Afadhali mhadhara wa mtu mmoja aliyeutumia mkusanyo wa maktaba hiyo hiyo kwa miaka mingi. Usiipuuze pia siku ya kuhariri Wikipedia: wakutubi hukufundisha kutafuta chanzo na kukipima, na makala ya Kiswahili bado yanahitaji mikono mingi.

Sasa mambo ya mlangoni. Ratiba huwa nene muhula ukiwa umeshika kasi na hukonda wakati wa mitihani na likizo, kwa hiyo itazame muhula unapoanza. Jisajili hata kama shughuli ni ya bure, na ukishindwa kwenda, futa jina lako ili mwingine apate kiti. Chukua kitambulisho. Begi kubwa huenda ukaambiwa uliache kwenye kabati la wageni, na kwenye chumba cha nyaraka kalamu ya wino haiingii, hivyo beba penseli. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha au kurekodi, na fleshi izime kabisa. Kama unatumia kiti cha magurudumu au unahitaji mkalimani wa lugha ya alama, waandikie waandaaji mapema. Ni haki yako, na wanahitaji muda wa kujiandaa. Wakati wa maswali uliza swali moja, fupi. Yale marefu yabakize kwa baadaye, watu wakishaanza kutoka, kwa sababu wakutubi huwa bado wapo ukumbini na hufurahi sana kuulizwa.

Jambo moja huwachanganya wengi: kualikwa kwenye mhadhara si ruhusa ya kusoma vitabu vya maktaba. Hiyo huombwa kivyake. Pita kwenye meza ya huduma uulize kama wanatoa kadi ya msomaji wa nje, masharti yake ni yapi, na kama nyaraka adimu huagizwa siku chache kabla. Ukiwa umehudhuria onyesho, taja kitu kilichokuvutia pamoja na namba yake iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kwa namba hiyo mkutubi ataanza kukutafutia palepale.