Mikwaruzo ya Duara Kwenye Gari Jeusi: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mkazi wa Shangani, Mtwara. Mwaka jana nilinunua gari jeusi lililotumika kutoka Japani, nami hulikodisha mwisho wa juma kwa ajili ya kubeba maharusi. Lilipofika liling'aa kama kioo. Siku hizi, jua likilipiga boneti au likiegeshwa chini ya taa za ukumbi, naona mikwaruzo myembamba iliyojipanga kwa duara mfano wa utando wa buibui, na wateja wawili wamekwisha kulikataa. Fundi mmoja anataka kulipiga polishi kwa grainda kwa siku moja, mwingine ananishauri nilipake rangi upya. Gari nalitunza sana, kwani kijana wangu hulisugua kwa dodoki na sabuni ya unga kila siku asubuhi na jioni. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Ndugu yangu wa Shangani, usilipake gari hilo rangi upya, na fundi wa grainda mwombe asubiri kwanza. Jambo ulilolitaja mwishoni kama ushahidi wa utunzaji wako, yaani dodoki na sabuni ya unga mara mbili kwa siku, ndilo lililoleta mikwaruzo hiyo, na fedha yoyote utakayomlipa fundi kabla hujauacha mtindo huo itakuwa imepotea baada ya miezi michache.

Magari mengi ya siku hizi hupigwa rangi kwa tabaka: chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi wetu huliita kliya. Kliya ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi, ilhali unywele mmoja wa binadamu una takriban maikroni 70. Mikwaruzo unayoiona imo ndani ya tabaka hilo jembamba, nayo kwa kweli haikujipanga kwa duara. Chukua tochi usiku uisogeze taratibu juu ya boneti, utaona duara likiifuata tochi kila inakokwenda. Mikwaruzo imeelekea kila upande, lakini ni ile tu iliyoukingama mwanga inayourudisha machoni pako, na ikionekana kwa pamoja hufanana na duara lililoizunguka taa. Gari jeupe linalooshwa kwa namna hiyo hiyo lina mikwaruzo ya idadi hiyo hiyo, ila weupe wake hurudisha mwanga mwingi kiasi cha kuificha. Rangi nyeusi humeza mwanga karibu wote, na hivyo kila ukwaruzo hujitokeza peke yake kama uzi mweupe juu ya kaniki.

Kinachokwaruza ni chembe za mchanga na vumbi, ambazo ni ngumu kuliko kliya. Dodoki lina nyuzi ngumu, tena lina matundu yanayozibeba chembe hizo na kuzizungusha juu ya rangi kila mkono unapozunguka. Sabuni ya unga isiyoyeyuka vizuri huongeza madhara, na hata ikiyeyuka huondoa nta yote iliyokuwa ikiikinga rangi na kuifanya iteleze. Katika mji wetu, ambako upepo wa bahari huleta mchanga na chumvi hata pale gari linapokuwa limeegeshwa uani, kulisugua namna hiyo mara mbili kwa siku ni sawa na kulipitishia msasa laini.

Sasa nije kwenye kuiondoa. Mikwaruzo haichomolewi. Polishi yenye chembe za kusaga hupunguza kimo cha kliya inayouzunguka ukwaruzo mpaka uso wote ulingane na sakafu ya ukwaruzo ule. Kwa sababu hiyo nawaomba wasomaji wangu waiangalie kliya kama akiba ambayo mwenye nayo anaweza kutoa tu, wala hana njia ya kuweka. Gari linaweza kupigwa polishi ya kusaga mara chache katika maisha yake, si kila sikukuu.

Kabla ya kuruhusu mashine iguse gari, fanya vipimo viwili. Pitisha ukucha juu ya ukwaruzo: ukikwama, ukwaruzo huo ni wa kina, na kuufuata mpaka mwisho kwa polishi ni kuhatarisha kliya yote, upunguze makali tu, uishi nao. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo usugue sehemu ndogo iliyojificha. Kikitoka na weusi, gari lako halina kliya hapo, kwa kuwa yapo magari meusi yaliyopigwa rangi ya tabaka moja tu, na unachokisaga ni rangi yenyewe. Hilo linaweza kupolishiwa pia, ila fundi ni lazima alijue tangu mwanzo.

Gari huoshwa vizuri kwanza, kisha hupitishiwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ambao huuzwa kama donge laini na hutelezeshwa juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni ili kung'oa uchafu ulioganda ambao kuosha hakuuondoi. Donge likianguka chini, litupwe. Baada ya hapo mwombe fundi ajaribu kwanza eneo la sentimeta 50 kwa 50 kwa polishi laini kabisa na sponji laini, alitazame chini ya taa kali, na aongeze ukali pale tu ambapo ulaini umeshindwa. Mashine inayofaa ni ile ambayo sahani yake huzunguka huku ikiyumbayumba, kwa kuwa haikusanyi joto mahali pamoja. Grainda huzunguka upande mmoja tu kwa kasi kubwa. Mikononi mwa fundi asiye na uzoefu wa kupolishi huunguza rangi, na mara nyingi huacha alama zake zenyewe zinazoonekana kama kivuli kinachotembea juani. Nilipokuwa kijana katika kazi hii nilichoma ukingo wa boneti ya mteja kwa mashine ya aina hiyo hadi praima ikatokeza, nikalipa rangi upya kutoka mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo sipolishi gari bila kubandika utepe wa karatasi kwenye kingo na mistari ya bodi, ambako rangi huwa nyembamba kuliko kwingine kote.

Usikubali kulipokea gari kabla sehemu iliyopolishiwa haijafutwa kwa alkoholi ya isopropili iliyopunguzwa kwa maji. Polishi nyingi zina mafuta, na mafuta hujaza mikwaruzo na kuificha kwa siku kadhaa. Ukiifuta kwa alkoholi ukaona bado ni safi chini ya tochi, basi kazi imefanyika kweli. Wateja wengi wameamini kwamba wamedhulumiwa na mvua, kumbe mvua iliosha mafuta tu na kuwaonyesha mikwaruzo ambayo haikuondolewa hata siku moja. Hatua ya mwisho ni kupaka nta au kinga nyingine ya rangi, nayo irudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa jua la kwetu huimaliza haraka.

Lililo kubwa kuliko yote ni kijana wako na ndoo zake. Mnunulie glavu ya kuoshea ya maikrofaiba au ya manyoya laini, pamoja na shampuu ya magari. Awe na ndoo mbili: moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila anapomaliza sehemu moja, na ndani ya kila ndoo aweke wavu wa plastiki ulioinuka kidogo kutoka chini, ili mchanga ukishazama usipande tena na mkono. Kwanza amwagie gari lote maji mengi bila kuligusa. Kisha aanzie juu kwenye paa, ashuke taratibu kwa mikono inayokwenda moja kwa moja bila kuzungusha na bila kukandamiza, na sehemu za chini za milango ziwe za mwisho. Magurudumu yawe na ndoo na kitambaa chake, visivyoguswa kamwe na bodi. Yote haya yafanyike kivulini, boneti ikiwa imepoa, kwani maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na yakikaukia kwenye rangi ya moto huacha madoa meupe ambayo watu huyasugua kwa nguvu na kuanzisha mikwaruzo mipya. Kukausha nako kuna adabu yake: taulo kubwa la maikrofaiba lilazwe juu ya maji, livutwe polepole kwa uzito wake lenyewe. Mara moja au mbili kwa juma inatosha. Siku ya harusi, kama gari lina vumbi jepesi tu, lisuuzwe na likaushwe kwa taulo, lisifutwe kavu hata kama bwana harusi amekwisha kufika mlangoni.

SWALI: Mimi ninaishi Newala na gari langu ni jeusi. Kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho gari hufunikwa na unga wa manjano kila asubuhi, na dereva hulifuta kwa kitambaa kikavu ili asipoteze maji. Je, kuna ubaya?

JIBU: Ubaya upo, ndugu yangu, na naelewa thamani ya maji huko kwenye uwanda wa Makonde. Unga wa salfa ukiwa peke yake ni laini, lakini hauji peke yake. Huja pamoja na vumbi jekundu la barabarani, na kitambaa kikavu huviburuta vyote viwili juu ya kliya. Kama maji ni machache, jaza chupa ya kupulizia kwa maji na shampuu kidogo, lowesha sehemu ndogo mpaka uchafu uelee, kisha upitishe kitambaa laini mara moja kuelekea upande mmoja, ukikunje upande safi, usonge mbele. Lita 2 zinaweza kulitosha gari zima lenye vumbi jepesi, kwa sharti la kuwa na vitambaa visivyopungua 6. Likiwa na tope, subiri maji ya kutosha.

Ongezea hili ambalo hukuliuliza: msimu wa mabibo usiegeshe chini ya mkorosho. Maji ya bibo yanavyodoa nguo kila mtoto wa Newala anajua, na bibo lililopasukia kwenye boneti na kukaukia hapo litamfanya dereva wako asugue. Likishaanguka, liwekee kitambaa kilicholowa kwa dakika kumi ndipo uliondoe.

SWALI: Niko Lindi Mjini. Nimeambiwa nikipaka seramiki, ile kinga ya majimaji inayokaukia juu ya rangi, gari langu jeusi halitakwaruzika tena. Kwa sasa nalifunika kwa turubai kila siku. Nichague lipi?

JIBU: Dada yangu, seramiki ni kinga nzuri dhidi ya jua, chumvi na vinyesi vya ndege, na hurahisisha kuosha kwa kuwa uchafu hauishiki rangi. Hata hivyo, ni ngozi nyembamba mno, na mchanga chini ya kitambaa utaikwaruza kama unavyoikwaruza kliya. Tena ikipakwa juu ya mikwaruzo iliyopo, huifungia ndani, kwa hiyo polishi hutangulia.

Kuhusu turubai, liondoe leo. Turubai gumu likiwekwa juu ya gari lenye vumbi, kisha kusi ikaanza kulipigapiga usiku kucha, husugua kingo za paa na boneti kuliko mwoshaji yeyote. Kibanda cha makuti chenye paa tu kitakufaa zaidi, mradi fito zake zikae mbali na vioo vya pembeni na makuti yafungwe imara yasidondokee boneti.