Karibu na Watoto, Lakini Mlango Wako Uwe Wako

Juzi mama mmoja msomaji ameniandikia ujumbe mrefu. Anastaafu mwakani. Mwanawe wa kwanza anamsihi auze nyumba ahamie kwake, na ndugu wote wanamwambia ana bahati. "Mbona basi moyo wangu mzito?" ameniuliza. Najua wengi wenu mko njia hiyo hiyo, kwa hiyo namjibu hapa.

Sisi nasi tuliitwa. Tulipostaafu, kijana wetu alitutengea chumba kizuri, akataka tukae kwanza tuone. Mkwe wangu ni mtu mwema, sijasikia neno baya kinywani mwake. Lakini alfajiri nilikuwa nalala macho nikisikiliza bafu, nani katoka, nani kaingia, nisije nikawachelewesha wanaokwenda kazini. Nikitaka kubandika sufuria, naomba kwanza. Mume wangu, mtu wa kufungulia redio nyumba nzima isikie, akawa anaiweka sikioni huku mlango wa chumba umefungwa. Hakuna aliyemwambia apunguze sauti. Siku nilipomwona hivyo nilimwambia, hapa tunapendwa, ila si kwetu.

Tukatafuta nyumba ndogo, si mbali na kwao. Haina ngazi, bafu lina vyuma vya kushikilia, milango inapitisha kiti cha magurudumu, basi linapita karibu, na hospitali kubwa haiko mbali. Kuna ndugu walicheka habari ya milango. Shemeji yangu mmoja alisema mbele ya watu kwamba nimemkataa mwanangu kwa kiburi. Neno lile bado linaniuma, na sijaombwa radhi mpaka leo.

Kisha mume wangu akapata kiharusi. Tulikuwa mezani, kikombe kikamponyoka. Nilipomtazama, upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka na maneno hayatoki sawasawa. Nikaita gari la wagonjwa, nikampigia kijana, naye tukamkuta tayari yuko mlango wa dharura. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha bonge, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo lazima ubongo upigwe picha ya CT kuhakikisha si mshipa uliopasuka. Aliwahi. Leo anavaa viatu vyake mwenyewe, na redio inaunguruma kama zamani. Tungehamia lile eneo la mbali ambalo mume wangu alikuwa akiliota kwa ajili ya utulivu, saa hizo zingeisha tukiwa bado njiani.

Kwa hiyo mnaopanga sasa, msichague nyumba kwa mandhari. Ulizeni hospitali iko wapi, ulizeni usiku mtafikaje, maana macho ya uzeeni hayapendi kuendesha gari gizani. Msiende pale ambapo mtu pekee mnayemjua ni mtoto wenu. Ana kazi, ana watoto, hawezi kuwa rafiki yenu, jirani yenu na dereva wenu kwa wakati mmoja. Na watoto huhamishwa! Mahali mtakapochagua pawe mahali mngeweza kuishi hata yeye akiondoka.

Na hili nalisema kwa nguvu: usiuze nyumba yako ukatoa pesa zote zijenge chumba kwenye nyumba yenye hati ya mtu mwingine, hata kama ni mwanao wa kumzaa. Siku mkikosana, au ndoa yake ikivunjika, utadai nini na kwa karatasi ipi?

Dada yangu uliyeniandikia, kaa kikao na watoto wako wote, si huyo mmoja tu, ili ijulikane nani atakesha nawe hospitalini na nani atashika karatasi zako. Kisha muulize mwanao kwa upole: ukihamishwa kazi, mimi nitabaki na nani? Asipokuwa na jibu, panga nyumba jirani naye kwanza, uishi hapo misimu yote, na hiyo yako uipangishe badala ya kuiuza.