Nyanya ndefu hazikai kwenye mabomba ya saladi

Msomaji ametuandikia kwamba nyanya zake za kwenye mabomba, yaani zinazokuzwa kwa maji yenye mbolea bila udongo, zilistawi vizuri, kisha zilipoanza kuzaa zikanyauka zote. Inauma, maana kosa si la mkulima, ni la mfumo aliouziwa. Bomba la inchi 4 linafaa saladi, inayovunwa mizizi ingali michache. Mnyanya wa miezi minane hulijaza bomba mizizi: maji yanasimama, hewa inaisha, mizizi inakuwa ya kahawia na kunuka.

Kila mmea mkubwa upewe ndoo yake ya lita 20, isiyopenyeza mwanga, la sivyo mwani utaota. Toboa ubavuni sentimita 5 kutoka chini, weka elbo (kiungo cha bomba kilichopinda) yenye raba. Maji yanayobaki chini ya tundu ndiyo akiba umeme ukikatika. Jaza kokoto nyepesi za volkano, au vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa mpaka chumvi itoke. Elbo zimwage kwenye bomba la inchi 2 lenye mteremko wa sentimita 2 kila mita, maji yarudi kwenye pipa la maji ya mbolea, ambako pampu huyasukuma tena kwenye ndoo.

Kwenye pipa ndipo watu hubana pesa, na ndipo wanapoumia. Mnyanya uliokomaa hunywa lita 2 hadi 4 siku ya jua kali. Mimea 10 kwenye pipa la lita 60 italimaliza kwa siku mbili, na kwa kuwa mmea hunywa maji haraka kuliko chumvi za mbolea, kinachobaki kinakolea na kuunguza kingo za majani. Weka pipa la lita 200, ulifukie nusu yake kivulini. Kwa joto la Dar es Salaam la Februari hilo si anasa: maji yakipita nyuzi 28 hewa hupungua na magonjwa ya kuozesha mizizi huingia.

Mbolea ya kalsiamu naitreti iyeyushwe peke yake. Ikikutana na mbolea ya magnesiamu salfeti zote zikiwa bado nzito, hazijachanganywa na maji mengi, hutengeneza jasi, unga mweupe unaoziba matone, yaani vidude vinavyodondoshea maji kila ndoo. EC (kipimo cha wingi wa mbolea kwenye maji) iwe 2 hadi 2.5 mS/cm, na pH (kipimo cha uchachu) 5.5 hadi 6.5. Tunda likioza kitako, usikimbilie kuongeza kalsiamu. Kagua kwanza kama maji yanafika bila kukatika. Tone la lita 4 kwa saa, taima ikiwasha pampu dakika 5 kila saa mchana, linatosha.

Waya wa kubebea mimea ufungwe kwenye nguzo kabla ya kupanda. Ukisubiri matunda, uzito utapindua ndoo na kung'oa elbo.