Kaka yako anayeishi peke yake

Dada, umeuliza kwa nini kaka yako, baada ya kustaafu, amehamia shambani Kisarawe peke yake, harusini haonekani, na ndugu wameanza kusema karogwa. Nawaomba msimwite mgonjwa kabla ya kumsikiliza.

Kuna watu wanaochoshwa kweli na pilikapilika za watu. Akishamaliza miaka mingi ya kuitikia wateja na mabosi, mtu wa namna hiyo hupumzika akiwa kimya. Wengine hutafuta ibada: Antonio wa Misri, katika karne ya 3, aligawa urithi wake akaenda kuishi jangwani. Na wapo ambao hata wenyewe hawajui. Christopher Knight aliingia msitu wa Maine, Marekani, mwaka 1986 akiwa na miaka 20, akatoka 2013 baada ya kukamatwa akiiba chakula. Alipoulizwa sababu, hakuwa nayo.

Ninayemhofia mimi ni yule anayejificha kwa huzuni. Kwa hiyo nenda mwenyewe, usiitishe kikao cha ukoo. Chungulia jikoni: sufuria imepikiwa leo au ina ukungu? Analala? Anaoga? Bado anafuatilia mpira redioni kama zamani? Akiwa sawa, mwacheni, mkubaliane tu siku za kupigiana simu. Akikwambia haoni sababu ya kuishi, au hali wala halali, usimwache peke yake siku hiyo. Mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Muhimbili si mbali na hapo.